Mfumo wa Mafaili Uchaguliwe kwa Ajili ya Asiyechagua

Yapo maamuzi katika sayansi ya kompyuta ambayo hufanywa na watu wachache, na kubebwa na watu wengi wasiojua hata kwamba palikuwa na uamuzi. Mwalimu anayeweka mfumo endeshi wa Linux katika kompyuta za shule yake hufika mahali programu inapomwuliza jinsi diski itakavyopangwa. Aghalabu hubonyeza kitufe cha kuendelea, akalikubali lililopendekezwa. Hakosei kwa kufanya hivyo. Ana vipindi vya kufundisha, na hakuna aliyempa sababu ya kusita. Hata hivyo, kwa kubonyeza mara moja amekubali jambo ambalo miaka mitatu au minne baadaye laweza kuamua kama alama za wanafunzi wake zitasomeka au hazitasomeka.

Jambo hilo ni mfumo wa mafaili. Makala haya yanakusudia kueleza mfumo huo ni kitu gani, jinsi jumuiya za programu huria zilivyobishana juu yake, na kwa nini mimi naona kwamba kasi, ambayo ndiyo husifiwa zaidi katika mabishano hayo, si kipimo kinachostahili kutangulizwa.

Ghala na mtunza ghala

Diski yenyewe haijui barua, picha wala jedwali la alama. Inachojua ni vipande vyenye namba, kila kimoja kikiwa na nafasi ya baiti chache, mfano wa ghala lenye mamilioni ya visanduku vinavyofanana. Mfumo wa mafaili ndio mtunza ghala. Huo ndio unaoandika katika leja kwamba visanduku hivi ni vya faili fulani, vile ni vya faili jingine, na vilivyobaki ni vitupu. Leja ikiharibika, mali yaweza kuwamo ghalani yote na isipatikane. Na kisanduku kikibadilishwa bila leja kujua, mtunza ghala atakukabidhi kitu kisicho chako huku akiamini kwamba ametimiza wajibu wake.

Chaguo-msingi ni lile ambalo mfumo endeshi hulitumia mtumiaji asiposema lolote. Wako wanaodai kwamba katika programu huria chaguo-msingi si jambo kubwa, kwa kuwa kila mtu ana ruhusa ya kuweka jingine. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwenye ujuzi hubadilisha atakavyo. Anayebaki na chaguo-msingi ni yule asiye na muda, asiye na fundi wa kumwuliza, na pengine asiye na diski ya akiba. Tena, uamuzi wenyewe haubatilishwi kwa urahisi. Mara nyingi kubadilisha mfumo wa mafaili kunamaanisha kuhamishia kila kitu penginepo, kuifuta diski, kisha kurudisha. Kwa hiyo chaguo-msingi, kwa asili yake, ni uamuzi unaofanywa kwa niaba ya wengine, na hauna budi kupimwa hivyo.

Kutoka Minix hadi ext4

Linus Torvalds alipoanza kuiandika Linux mjini Helsinki mwaka 1991, alitumia mfumo wa mafaili wa Minix, ambao ni mfumo endeshi wa kufundishia ulioandikwa na Profesa Andrew Tanenbaum huko Uholanzi. Mfumo ule ulikuwa mwepesi kueleweka, lakini haukuweza kushika zaidi ya megabaiti 64, na jina la faili halikuweza kuzidi herufi 14. Mwaka 1992 ukaja mfumo ulioitwa ext, kazi ya Rémy Card wa Ufaransa, na mwaka 1993 ukafuatiwa na ext2.

Mfumo wa ext2 ulikuwa wa haraka na ulitumika kwa miaka mingi, lakini ulikuwa na udhaifu mmoja ambao wasomaji wa nchi zetu watauelewa bila maelezo marefu. Umeme ukikatika wakati leja inaandikwa, leja ilibaki nusu. Kompyuta ilipowashwa tena, programu maalumu ililazimika kuikagua diski yote, na kadiri diski zilivyoongezeka ukubwa ndivyo ukaguzi huo ulivyochukua muda mrefu. Mfumo wa ext3, ulioingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2001, uliondoa adha hiyo kwa kuongeza daftari la maandalizi. Kabla ya kuigusa leja, mfumo huandika katika daftari hilo kile unachokusudia kufanya. Umeme unaporudi, hulisoma daftari peke yake, ukakamilisha kilichoanzwa au ukakiacha. Mnamo Desemba 2008 mfumo wa ext4, wenye uwezo mkubwa zaidi, ulitangazwa kuwa tayari kwa matumizi ya kawaida.

Funzo la mwaka 2009

Miezi michache tu baadaye kulizuka malalamiko. Watu waliokuwa wakijaribu toleo la Ubuntu lililokuwa bado likiandaliwa walieleza kwamba kompyuta ikizimika ghafla, baadhi ya mafaili yao yalionekana yapo kwa jina lakini yakiwa na baiti sifuri ndani yake. Sababu haikuwa kosa la hesabu. Ili kuongeza kasi, ext4 iliahirisha kuamua ni wapi data ingewekwa katika diski. Katika ext3, kwa mpangilio wa kawaida, data ilifika katika diski kila baada ya sekunde 5 hivi. Katika ext4 yaweza kungoja nusu dakika au zaidi. Programu iliyolifuta faili la zamani na kuandika jipya mahali pake iliweza basi kukutwa na giza wakati la zamani limekwisha kufutwa na jipya halijafika.

Theodore Ts'o, msimamizi mkuu wa ext4, alieleza kwamba kwa mujibu wa kanuni zilizoandikwa kosa lilikuwa la waandishi wa programu, kwa kuwa hawakuiagiza diski iandike papo hapo. Kwa sheria alikuwa na haki. Hata hivyo yeye mwenyewe alitayarisha marekebisho yanayoutambua mtindo huo wa programu na kulazimisha data iandikwe mapema, na marekebisho hayo yakaingia katika kiini cha Linux mwaka huohuo.

Naona tukio hili ni la maana sana. Mwanafunzi aliyepoteza insha yake hakuwahi kuisoma kanuni, wala hakuiandika programu. Mfumo ulikuwa sahihi na yeye akapata hasara. Waliorekebisha walikubali, kwa vitendo, kwamba usahihi wa kanuni hautoshi pale mfumo unapokuwa chaguo-msingi la watu wa kawaida, kwa sababu mfumo wa namna hiyo unapaswa kuwavumilia watu na programu jinsi walivyo.

Jumuiya moja, majibu mawili

Wakati huohuo kulikuwa na mfumo mwingine unaokua. Chris Mason aliuanzisha mfumo wa Btrfs mwaka 2007 akiwa katika kampuni ya Oracle, nao ukaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2009. Huu haubadilishi kipande cha zamani mahali kilipo. Huandika kipande kipya pembeni, na baada ya kukamilika ndipo leja inapoelekezwa kwenye kipya. Juu ya hayo, huweka jumla-hakiki kwa kila kipande cha data, jambo nitakaloliеleza hapa chini. Wazo hilo halikuanzia hapo. Mfumo wa ZFS wa kampuni ya Sun Microsystems, ambao chimbuko lake la programu lilifunguliwa kwa umma mwaka 2005, ulikuwa nalo tayari. Lakini masharti ya leseni yake yameuzuia usiingizwe ndani ya kiini cha Linux.

Makampuni na jumuiya hazikukubaliana. Mwaka 2014 kampuni ya Red Hat iliufanya mfumo wa XFS, uliozaliwa katika kampuni ya Silicon Graphics miaka ya 1990, kuwa chaguo-msingi la toleo lake la 7. Mwaka huohuo kampuni ya SUSE ilichagua Btrfs kwa sehemu inayobeba mfumo endeshi wenyewe, na XFS kwa data za watumiaji. Mwaka 2017 Red Hat ilitangaza kwamba itaiacha Btrfs, na toleo lake la 8 la mwaka 2019 halikuwa nayo kabisa. Kisha likatokea jambo ambalo kwa nje laonekana kama kichekesho. Mwaka 2020 jumuiya ya Fedora, ambayo hufadhiliwa na Red Hat hiyohiyo, ilijadili hadharani pendekezo la kuiacha ext4 na kuichukua Btrfs kwa matoleo yake ya kompyuta za mezani. Kamati yake ya uhandisi ikapiga kura na kukubali, na toleo la 33 la Oktoba 2020 likatoka hivyo. Toleo la Fedora la seva lilibaki na XFS.

Je, mmoja alikosea? Sidhani. Red Hat inawauzia huduma wenye seva kubwa, na wahandisi wake wengi wa mafaili walikuwa mabingwa wa XFS. Mteja wake ana msimamizi anayelipwa, mashine za bei kubwa na nakala za akiba. Fedora ya mezani inamhudumia mtu mmoja na kompyuta yake yenye diski moja. Waliotetea pendekezo lile walitaja mambo ya kawaida kabisa: watumiaji walikuwa wakijaza sehemu moja ya diski huku sehemu nyingine ikiwa na nafasi tele, na data zilikuwa zikiharibika pasipo mtu kujua. Hoja hii ya pili ndiyo inayonigusa mimi.

Kuharibika kimya kimya

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili ubaoni. Katika mpango wa kawaida wa kuwakilisha herufi ndani ya kompyuta, tarakimu 1 huandikwa 00110001, na tarakimu 9 huandikwa 00111001. Tofauti yao ni biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka, mvua ya milimita 12 inakuwa milimita 92, na hakuna kitu katika jedwali kitakachoonekana kimevunjika. Diski zina ulinzi wake wa ndani, lakini hitilafu yaweza kuingia katika waya, katika saketi inayoongoza diski, au katika programu ya diski yenyewe, ambayo pengine huandika kipande sahihi mahali pasipo sahihi.

Mimi mwenyewe nimelilipia somo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilitunza vipimo vya mvua vilivyokusanywa na wanafunzi wangu kwa misimu mitatu. Kila Ijumaa nilinakili faili katika diski ya nje, la wiki hii juu ya la wiki iliyopita, nikajiona mtu mwangalifu. Siku moja mwanafunzi aliniletea mchoro wake akilalamika kwamba mwezi wa Aprili haueleweki. Nilipolifungua faili nilikuta katikati ya jedwali mistari ya barua niliyokuwa nimeiandika kuhusu jambo lingine kabisa. Kipande kimoja cha baiti 4,096 kilikuwa kimechukua mahali pa kingine. Kompyuta haikuwa imetoa onyo lolote. Nilikimbilia diski ya nje, nikaikuta barua ileile mahali palepale. Kila Ijumaa nilikuwa nimeunakili uharibifu kwa uaminifu mkubwa. Tuliokolewa na madaftari ya karatasi, isipokuwa ya wanafunzi wawili waliokuwa wamekwisha kuhitimu na kuondoka nayo. Vipimo vyao havikupatikana tena.

Siilaumu ext4, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiitumia. Tangu mwaka 2012 mfumo huo unaweza kuihakiki leja yake, lakini haukuwahi kuahidi kuyahakiki yaliyomo ndani ya mafaili. Btrfs hufanya hivyo. Kwa kila kipande cha baiti 4,096, katika mpangilio wake wa kawaida, hukokotoa namba fupi ya baiti 4 na kuitunza mahali pengine. Kipande kinaposomwa, hesabu hurudiwa. Namba zikitofautiana, mfumo hukataa kukikabidhi kipande na kutoa taarifa ya kosa. Kama ningekuwa na ulinzi huo, Ijumaa ya kwanza baada ya uharibifu kunakili kungegoma, na nakala njema ya wiki iliyotangulia ingekuwa bado ipo mezani pangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mfumo unaokutolea data mbovu bila kukuonya unakufanya umfiche mgonjwa bila wewe kujua, na nakala ya akiba, ambayo ndiyo dawa yake, inaharibiwa pamoja naye.

Hoja za upande wa pili

Haki inadai tuwasikilize wanaopinga, kwa kuwa hoja zao si za kubeza.

Kwanza, husema kwamba Btrfs yenye diski moja hugundua uharibifu wa data lakini haiwezi kuuponya, kwa kuwa haina nakala ya pili ya data hiyo. Ni kweli. Lakini kujua mapema ndiko kunakokupa nafasi ya kutumia nakala iliyo nje. Kipimajoto hakiponyi homa, wala hakuna daktari anayekitupa kwa sababu hiyo.

Pili, husema kwamba mafaili makubwa yanayobadilishwa mara kwa mara katikati, kama yale ya hifadhidata, hutawanyika diskini na kupunguza kasi. Hili pia ni kweli. Lakini mwenye hifadhidata kubwa ni mtu anayejua anachofanya, naye anaweza kuchagua mfumo mwingine. Kwa nini mwalimu na mwanafunzi wabebe hatari ili mtaalamu apunguziwe kazi ya kuchagua?

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, husema kwamba ext4 hurekebishika kwa urahisi zaidi. Zipo diski za bei nafuu zinazojibu kwamba zimekwisha kuandika ilhali bado hazijaandika. Umeme ukikatika wakati huo, leja ya Btrfs yaweza kuvurugika kiasi cha kukataa kufunguka, na zana zake za kurekebisha hutaka mtu mzoefu. Programu ya ukaguzi ya ext4 imekomaa kwa miaka mingi, na mara nyingi hurudisha sehemu kubwa ya mafaili. Siwezi kuipuuza hoja hii. Katika chumba cha kompyuta chenye mashine kuukuu, umeme wa kubahatisha na hakuna nakala yoyote ya akiba, ext4 ingali chaguo la busara. Hata hivyo naona tusiyachanganye mambo mawili. Mfumo unaokataa kufunguka unakuudhi leo, nawe unachukua hatua leo. Mfumo unaofunguka na kukupa takwimu za uongo unakudhuru siku ambayo huna tena la kufanya.

Nani atautunza?

Kuna kipimo kingine kinachosahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 SUSE iliutumia mfumo wa ReiserFS kama chaguo-msingi, na wengi waliusifu kwa wepesi wake wa kushughulikia mafaili madogo. Lakini waliojua undani wake walikuwa wachache, na kundi lililouandika lilikuwa limeelekeza nguvu zake katika toleo jipya. Mwaka 2006 SUSE iliamua kurudi katika ext3. ReiserFS iliendelea kuzeeka bila watunzaji wa kutosha, hata ikaondolewa kabisa katika kiini cha Linux kwa toleo la 6.13 la Januari 2025. Aliyekuwa na diski ya namna hiyo alilazimika kuhamisha data zake au kubaki na mfumo endeshi wa zamani.

Kwa hiyo anayechagua mfumo wa mafaili anachagua pia watu watakaoutunza. Fedora isingekuwa na haki ya kuichukua Btrfs mwaka 2020 kama isingekuwa na wahandisi waliojitokeza kuibeba kazi hiyo, wakiwamo wa kampuni ya Facebook, iliyokuwa ikiitumia katika seva zake nyingi. Vilevile Red Hat ilikuwa na haki ya kuiacha pale ambapo haikuwa na watu wake wa kuitunza.

Hitimisho

Nikiulizwa, basi, nitasema kwamba chaguo-msingi la kompyuta ya mtu wa kawaida lipimwe kwa maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, husema kweli kuhusu data linazozitunza? Je, huvumilia umeme unapokatika? Je, lina watunzaji wa kutosha? Swali la kasi lifuate baada ya hayo. Kwa mizani hiyo naamini Fedora ilichagua vema kwa watu wake, na kwamba siku itakuja ambapo mfumo usiohakiki data hautakubalika kuwa chaguo-msingi popote.

Kwa walimu ambao mashine zao zinatumia ext4, hakuna sababu ya kuzifuta kesho asubuhi. Wafanye mambo mawili. La kwanza, nakala ya akiba isiandikwe juu ya ile iliyotangulia. Ziwepo angalau tatu za tarehe tofauti. La pili, wajifunze amri ya sha256sum, ambayo imo katika Linux karibu zote. Kila faili muhimu linapokamilika, amri hiyo hutoa jumla-hakiki inayoweza kuandikwa daftarini. Faili ambalo halijaguswa likipimwa tena na likatoa namba tofauti, mwalimu atajua kwamba limeharibika kabla ya mwanafunzi kumjia na mchoro usioeleweka.

Na kwa wanafunzi nina neno moja. Majadiliano ya mwaka 2020 yalikuwa wazi kwa mtu yeyote kuyasoma, na chimbuko la mifumo yote ya Linux niliyoitaja limo hadharani. Kinachowapungukia wengi wetu ni ujuzi wa kutosha wa kusimama na kusema: mashine zetu huzimika ghafla mara nyingi, nanyi hamkulifikiria hilo. Jifunzeni hesabu za biti, someni jinsi leja za diski zinavyoandikwa, ili uchaguzi mwingine utakapofanyika kwa niaba yetu, wawemo miongoni mwa wachaguzi watu wanaotujua.